Chupa Ndogo, Mafuta Makali



Kila siku ya mshahara, jua linapoanza kushuka, hufika kambini kwetu kijana mmoja mwenye begi mgongoni. Hutandika gunia chini na kupanga juu yake vichupa vya kioo cheusi, kila kimoja hakizidi kidole gumba. Ana mafuta ya karafuu, ya mkaratusi, ya mchaichai, ya limau, ya lavenda, na mengine ayaitayo mafuta ya mti-chai. Kwa maneno yake hakuna ugonjwa wa ngozi usiovitii vichupa hivyo: chunusi, ukurutu, fangasi za miguu, mipasuko ya vidole, madoa, hata makovu ya miaka kumi. Watu wananunua. Nami siwalaumu hata kidogo, kwa maana nilikuwa mnunuzi wa vichupa hivyo kabla kijana huyo hajaota ndevu.

Ilikuwa mwaka 2008. Wakati huo sikuwa bado mtumishi wa chama, nilikuwa mchuma chai katika shamba moja magharibi ya Uganda. Anayeijua kazi hiyo anajua vidole vinavyokuwa msimu wa mvua. Umande wa alfajiri, utomvu wa jani, kukwaruzwa na matawi kutwa nzima. Ngozi ya kidole gumba na cha shahada huwa nyeusi, ikakauka, ikapasuka mpaka damu. Nikanunua mafuta ya karafuu. Jioni nikayamimina ndani ya mipasuko, nikafunga kitambaa. Mwanzo yaliwaka kama pilipili. Baada ya dakika chache mkono ukafa ganzi, nikasema, "Hii ndiyo dawa." Nikaongeza. Nikalala usingizi ambao sikuwa nimeupata wiki nzima.

Asubuhi kitambaa kilikuwa kimegandana na ngozi. Nilipokivuta, chini yake palikuwa na malengelenge, na ngozi imekuwa nyeupe kama iliyomwagikiwa maji ya moto. Siku sita sikuchuma. Nyapara aliandika kwamba sikufika kazini, wala sikulipwa hata shilingi, kwa sababu nilijiumiza mwenyewe nyumbani. Kuhusu malengelenge walikuwa na haki. Kuhusu mipasuko iliyonipeleka kwenye chupa, hakuna aliyeuliza.

Muuguzi mmoja mama mzee ndiye aliyenisafisha mkono. Alinitazama akaniuliza, "Baba, sufuria ya pilau hutiwa karafuu ngapi?"

Nikamwambia, "Chache tu, mama."

"Basi wewe umejipaka gunia."

Ndani ya kichupa mna nini

Maneno ya mama yule yalinikaa, nikaanza kuulizauliza. Wengi wetu hudhani mafuta haya ni ndugu wa mafuta ya nazi au ya simsim, yaani kitu cha kujipaka baada ya kuoga. Sivyo. Nazi na simsim hukamuliwa; mafuta yake ni mazito na huliwa, na ukiyadondosha juu ya karatasi doa halitoki. Yale ya kichupa ni harufu yenyewe ya mmea iliyotolewa na kukusanywa mahali pamoja. Hata jina la "mafuta" linatudanganya kidogo.

Ninyi mnaofanya kazi katika viwanda vya chai mtanielewa upesi, kwa kuwa boila mnaijua. Majani hujazwa ndani ya pipa kubwa la chuma, kisha mvuke wa maji hupitishwa kutoka chini. Mvuke unapopanda huchukua harufu ya majani. Halafu huingia katika bomba lililozungushwa ndani ya maji baridi, ukapoa na kuwa maji tena, na ile harufu iliyobebwa ikajitenga ikawa mafuta. Mengi huelea juu ya maji. Ya karafuu huzama, maana ni mazito kuliko maji. Kazi hii hufanyika hata hapa jirani: kisiwani Pemba kiko kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake, kinachotoa mafuta kutoka katika makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu ikishachambuliwa. Mafuta ya limau na machungwa mengi hayapiti kwenye mvuke. Hukamuliwa kwenye maganda.

Sasa tupige hesabu ya mizani, hesabu tunayoijua sisi. Kilo nne na nusu hivi za jani bichi hutoa kilo moja ya chai kavu. Kila mchumaji analijua hilo. Huko Rwanda wako wakulima wa jeraniamu, mmea wa majani ya kunukia ambao mafuta yake huuzwa ng'ambo kwa watengeneza sabuni na manukato. Tani nzima ya majani hayo mabichi hutoa kilo moja, pengine mbili, za mafuta. Maana yake kichupa cha mililita 10 kina harufu ya kilo tano mpaka kumi za majani. Nani kati yetu angeweza kujisugua kilo kumi za majani kwenye kidole kimoja?

Karafuu ina mafuta mengi zaidi ya majani: kilo 100 za karafuu kavu hutoa kilo 15 mpaka 20. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho eujenoli. Waganga wa meno huichanganya na unga wa zinki kuziba jino, kwa sababu inatia ganzi. Ganzi hiyo ndiyo iliyonidanganya. Kidole kilikuwa kinaungua huku hakisikii.

Namna ya kuchanganya

Atakaye kuyatumia mafuta haya nyumbani simkatazi. Mke wangu hutumia mpaka leo, na nyumba inanukia vizuri. Lakini yasipakwe matupu. Lazima yachanganywe na mafuta ya kawaida, na kipimo chake ni hiki: vijiko viwili vikubwa vya chakula, ambavyo ni kama mililita 30, hupewa matone sita. Kwa mikono na miguu ya mtu mzima mwenye ngozi isiyo na kidonda unaweza kufika matone kumi na mawili. Kwa uso usizidi sita. Karafuu isizidi matone matatu, na mchaichai vivyo hivyo, nayo karafuu kwenye ngozi iliyopasuka isiguse kabisa. Hayo ya mwisho mnayapata bure. Mimi niliyalipia siku sita.

Ukishachanganya, jaribu kwanza. Paka kidogo upande wa ndani wa kiwiko, ngoja siku mbili. Pakiwasha au pakiwa pekundu, hayo si yako, hata kama jirani yako anayasifu. Ngozi ikishayakataa mafuta fulani huenda isiyakubali tena maisha yako yote, na kila mara itakuja kali kuliko ya kwanza. Na yakikuunguza, usikimbilie maji peke yake, kwa kuwa maji na mafuta hayapatani: futa kwanza kwa mafuta ya kupikia, halafu osha kwa sabuni na maji mengi. Yakiingia jichoni, hapo ni maji safi ya kumiminika kwa robo saa au zaidi, kisha zahanati. Kwa sababu hiyo hiyo ya maji na mafuta, kutia matone katika beseni la kuogea si kuyapunguza nguvu. Huelea juu, yakakungoja wewe uketi.

Mafuta ya kuchanganyia ni yale uliyo nayo. Simsim ni nzuri, nazi ni nzuri. Wenzetu wa Lango na Acholi wana moo yao, mafuta ya kokwa za mti wa shea, na ya kwao ni laini kuliko yale ya Afrika Magharibi. Asiye na hayo atumie mafuta ya mgando ya dukani yasiyo na rangi wala harufu.

Hapa nitasema neno ambalo kijana wa vichupa hatalipenda. Katika mchanganyiko huo wa vijiko viwili na matone sita, kinachoponya mpasuko wa kidole kwa sehemu kubwa ni vile vijiko viwili. Ngozi hupasuka kwa kukaukiwa; mafuta mazito huifunika ili unyevu usitoke, nayo hujishona yenyewe. Nawa mikono jioni kwa sabuni isiyo kali, jifute kidogo tu, paka mafuta mikono ikiwa bado na unyevu, uvae soksi kuukuu za pamba mikononi, ulale. Usiku nne au tano utaona tofauti. Matone ni ya harufu na ya kuburudisha moyo, na moyo wa mfanyakazi nao unahitaji kuburudishwa. Lakini asiye na fedha ya kichupa hajakosa dawa.

Siyo kwamba hakuna ukweli wowote katika sifa za vichupa. Tuchukue yale ya mti-chai. Kwanza, hayatoki kwenye chai tunayoichuma; ni mti mwingine kabisa, wa Australia. Mwaka 1990 madaktari wa huko waliyajaribu kwa wagonjwa 124 wa chunusi, yakiwa yamepunguzwa mpaka sehemu tano katika mia, wakayalinganisha na dawa ya kawaida ya chunusi. Yote mawili yalisaidia. Ya mti-chai yalichelewa zaidi, lakini yalisumbua ngozi kidogo zaidi kuliko ile dawa. Basi hiyo ni habari ya kupimwa na watu, nami naiheshimu. Ila angalieni: sehemu tano katika mia, wala si mafuta matupu. Na yakikaa wazi miezi mingi, yakapigwa na hewa na jua, hugeuka, na ndipo yanapowasha wengi.

Katika karatasi anayogawa yule kijana imeandikwa pia habari ya Mfaransa René-Maurice Gattefossé, mkemia wa manukato, aliyeungua katika maabara mwaka 1910 na baadaye akasifu sana mafuta ya lavenda. Ni kweli aliungua, na mwaka 1937 alitoa kitabu juu ya matibabu ya harufu. Lakini wewe ukiunguzwa na mvuke wa boila, au mtoto akimwagikiwa uji, usitafute lavenda. Ni maji ya bomba ya baridi yanayotiririka, dakika ishirini, kisha zahanati. Mafuta juu ya moto mbichi yanashikilia joto ndani ya ngozi.

Mambo yanayotuhusu sisi wa mashamba na viwanda

Yako mambo ambayo karatasi ya muuzaji haiwezi kuyasema, kwa sababu imeandikwa kwa ajili ya watu wanaoshinda kivulini.

La kwanza ni jua. Mafuta ya ndimu na limau yaliyokamuliwa kwenye maganda yana kitu kinachoshirikiana na jua kuiunguza ngozi. Mtu akijipaka asubuhi shingoni na mikononi, kisha akasimama mistarini mpaka saa tisa, atapata malengelenge na baadaye madoa meusi ya miezi mingi. Wako dada zetu waliopaka ndimu ili kuondoa madoa wakaongeza madoa. Kama lazima, iwe usiku, na asubuhi unawe.

La pili ni chai yenyewe. Jani la chai hunyonya harufu upesi kuliko sifongo. Ukienda kuchuma mikono inanuka mkaratusi au karafuu, unaweza kuharibu jani ndani ya kapu lako, na mwenye mizani akakukatalia kilo zako. Hapo hata chama kitapata taabu kukutetea. Ni usiku tu, ndugu zangu.

La tatu ni dawa za kunyunyizia magugu. Usipake mafuta makali mikononi kabla ya kushika pampu ukidhani unajikinga. Mengine katika mafuta haya hufungua njia ya vitu kupenya kwenye ngozi, kwa hiyo unaweza kuwa unaikaribisha sumu ndani. Kinga ya pampu ni glavu zisizopitisha maji, basi.

Wenzetu wa karakana na viwandani wana balaa lao. Wengi huosha grisi kwa petroli au mafuta ya taa, ngozi ikavuliwa mafuta yake yote, ikawa kama gamba la mti. Halafu hununua kichupa cha kutibu walichokiharibu mchana. Grisi hutoka kwa mafuta ya kupikia na kiganja cha sukari, ukisugua na kumaliza kwa sabuni. Sukari ni ghali, najua, lakini hutumika kidogo.

Na watoto. Vyumba vyetu vya kambi ni kimoja, mtoto anafika kila mahali. Kichupa cha mkaratusi au karafuu kikinywewa, hata kiasi cha kijiko kidogo cha chai, kinaweza kumzimisha mtoto mdogo. Kisiachwe dirishani karibu na dawa ya kikohozi. Wala usimpake mtoto mchanga mkaratusi usoni au puani kwa ajili ya mafua, maana unaweza kumbana pumzi. Mama mjamzito naye aulize zahanati kwanza.

Kwa anayenunua, iko mitihani miwili midogo. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, uache mpaka kesho: mafuta ya mvuke mengi huruka na kuacha alama ndogo au kutoacha kabisa, likibaki doa la mafuta linalong'aa, umeuziwa mafuta ya kupikia yenye harufu. Na ya karafuu, yaliyo safi huzama ndani ya glasi ya maji. Yakiwa katika chupa ya plastiki laini, yaache. Mafuta haya makali huila plastiki.

Habari ya dada mmoja

Mwaka juzi alinijia dada mmoja wa kazi ya palizi. Mikono yake ilikuwa na ukurutu mpaka kwenye viwiko, inatoa maji. Alikuwa amekwisha kununua vichupa vitatu, kila kimoja shilingi elfu kumi na tano.

Nikamwuliza, "Dada, Jumapili mikono huwaje?"

"Jumapili hupoa, Bwana Katibu."

"Na ulipokwenda msibani kwenu?"

"Wiki mbili nilizokaa kule ilikauka kabisa. Nilidhani ni ile lavenda."

Wenzangu, lavenda ilikuwa nayo hapa pia. Kilichobaki nyuma alipokwenda msibani ni shamba. Tukaanza kuandika katika daftari la shule: siku gani alifanya palizi, sehemu gani ilikuwa imenyunyiziwa dawa, siku ngapi kabla, mikono ikawaje jioni. Kurasa tatu zikajaa. Ikaonekana kwamba alikuwa anaingizwa katika mistari iliyonyunyiziwa jana yake, mikono mitupu. Tuliyapeleka yale maandishi kwa daktari wa wilaya, akaandika barua kwamba ugonjwa unatokana na kazi. Hapo ndipo tukaenda ofisini.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Mkataba namba 184 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2001, unahusu usalama na afya katika kilimo, na ndani yake yamo mambo ya dawa za shamba. Tulivisoma vyote viwili mbele ya meneja. Alisikiliza. Alisema glavu huibwa. Tulimwambia tutaziandika majina. Mazungumzo yalikwenda vikao vitatu, na sitasema tulishinda yote: dada alihamishiwa kwenye kitalu cha miche, glavu zilitolewa kwa kikosi cha palizi, na muda wa kungoja baada ya kunyunyiza ukabandikwa ubaoni. Siku zake kumi na moja alizokaa nyumbani hazijalipwa mpaka leo, na madai hayo bado yako mezani.

Kwa hiyo mwenye mikono kama ile, kabla hujatoa elfu kumi na tano, tafuta daftari. Andika kazi ya siku, jina lililo kwenye mkebe wa dawa, na hali ya ngozi jioni na siku za mapumziko. Ukienda zahanati, mwambie daktari kazi yako hata asipouliza, na karatasi yake usiitupe. Vilete tawini. Kama ofisi imefungwa, mwakilishi wa kikosi chako ana fomu.

Yule dada nilimkuta juma lililopita kitaluni. Mikono imekuwa safi, imebaki rangi tu kidogo. Alinionyesha kikopo chake: simsim, vijiko viwili, na matone manne ya lavenda kutoka kile kichupa cha tatu, ambacho hakijaisha bado.